Mwalimu Melkiori Ntandu, Aliyeipima Kazi

Wapendwa waombolezaji, Baba Padre, jumbe wetu, walimu na wanafunzi, majirani Wakristo na Waislamu mliokaa nasi hapa Unyambwa tangu juzi, mimi ni Ignas Ntandu, mdogo wa marehemu wa tumbo moja, na familia imeniagiza niwasomee maisha ya kaka yangu, nami nitayasoma kama yalivyokuwa bila kuyatia chumvi, kwa sababu marehemu hakuvumilia maneno ya kuongezwa hata pale yalipokuwa ya kumsifu. Watani zetu wamekwisha kusema yao asubuhi, na mengi waliyosema ni kweli.

Marehemu Mwalimu Melkiori Ntandu alizaliwa Mungaa mwaka 1916, mtoto wa pili kati ya watoto wanne wa Mzee Ntandu, siku yenyewe haijulikani, maana wazazi wetu walihesabu miaka kwa njaa na kwa vita, nao walikumbuka tu kwamba ulikuwa msimu ule askari wa Mdachi walipopita wakikimbia na kutuchukulia ng'ombe, hivyo tarehe mosi Julai mnayoiona kwenye vyeti vyake ilichaguliwa na karani wa shule. Alichunga ndama, kisha ng'ombe, na mwaka 1925 akaingia shule ya misheni palepale Mungaa, akabatizwa tarehe 6 Januari 1927, siku ya Wafalme Watatu, ndiyo maana akaitwa Melkiori, jina la mmoja wao. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kushika neno, akiambiwa ng'ombe ni wengi huuliza wangapi, akiambiwa kisima kiko karibu huuliza karibu na nini, na baba alikuwa akisema kwamba kumtuma Melkiori ni sawa na kwenda mwenyewe, kwa sababu lazima kwanza umweleze mpaka uchoke.

Alimaliza masomo ya Mungaa mwaka 1931, akapelekwa Tabora kusomea ualimu kuanzia Januari 1932 hadi Desemba 1934, na tarehe 4 Februari 1935 akaanza kufundisha katika shule ndogo ya misheni Ikungi, iliyokuwa na chumba kimoja na ubao mmoja uliopasuka katikati. Huko Ikungi, siku ya mnada, alimkuta Elina binti Bonaventura akiuza uwele, akamuuliza kama kibaba chake ni sawa na vibaba vya wenzake, naye binti akamjibu anunue akapime nyumbani kwake. Alinunua, akapima, na baba yetu alipopeleka ng'ombe wa mahari alisema amefurahi kwamba hatimaye Melkiori amepata mtu wa kumjibu. Ndoa yao ilifungwa Mungaa tarehe 8 Oktoba 1938, na Mungu akawajalia watoto watatu, Marietha aliyezaliwa mwaka 1940, Bonaventura mwaka 1943, na Yunisi mwaka 1947, ambao wote wako hapa mbele yenu.

Mwaka 1949 aliteuliwa kurudi Tabora kwa kozi ya walimu wa sayansi wa shule za kati, na Januari 1950 akahamishiwa shule ya kati ya hapa Unyambwa, na ni katika kozi hiyo alipokutana na somo lililomfuata mpaka kitandani, yaani somo la kazi. Kwa wazee ambao hawakuketi darasani kwake nalieleza kama alivyonieleza mimi, kwamba katika sayansi kazi haipimwi kwa jasho, inapimwa kwa nguvu iliyotumika na umbali ambao kitu kimesogea kuelekea kule nguvu inakokisukuma, kwa hiyo ukiinua gunia mpaka darini umefanya kazi, lakini ukisukuma jabali kutwa nzima nalo lisisogee, hukufanya kazi yoyote, na vilevile ukitembea njia tambarare na mzigo kichwani, mzigo haukupanda wala haukushuka, basi kazi yako juu ya mzigo ule ni sifuri. Watu wawili wakiinua magunia yaliyo sawa, mmoja upesi na mwingine polepole, kazi yao ni moja ila uwezo wao ni tofauti, na jiwe lililo juu ya mlima, ingawa limelala tu, lina akiba ya kazi ndani yake, kama uwele ndani ya kilindo cha kuhifadhia nafaka. Alilipenda somo hili kama mtu aliyepewa mizani baada ya kukadiria kwa macho maisha yake yote.

Jioni moja ya Februari 1950, shemeji Elina alirudi kutoka kisimani na mtungi kichwani, mume wake akiwa ameketi mlangoni anaandaa somo, na kila mtu wa huku anajua kwamba ukimwona mwenzako anatoka kwenye shughuli humwambii lolote kabla hujampa pole na kazi, ni heshima ndogo isiyogharimu kitu, lakini kaka yangu, kwa furaha kubwa na bila nia mbaya hata chembe, alimweleza mkewe kwamba njia ya kutoka kisimani ni tambarare, hivyo isipokuwa pale alipojitwisha mtungi, kazi hakufanya. Shemeji aliutua mtungi, akaingia jikoni. Kesho yake mwalimu alipoomba maji ya kuoga alijibiwa, "Maji yapo kisimani, Mwalimu, na njia ni tambarare, kwenda kuyaleta si kazi." Alikwenda mwenyewe, wanafunzi wake wakimtazama, akarudi shati limelowa na shingo imekaza, na alipoulizwa hali alisema kwamba amechoka sana lakini kazi hakufanya.

Wengi walidhani ni kiburi, na wengine walisema kusoma kumemharibu, lakini mimi niliyelala naye ngozi moja tangu utoto najua haikuwa hivyo, aliogopa kusema uongo. Aliniambia kwamba mtoto akifundishwa darasani maana ya kazi, kisha akamsikia mwalimu wake njiani akimpa pole na kazi mtu aliyebeba tu, atajua kwamba maneno ya mwalimu ni ya ubaoni, yanafutwa kengele ikilia, na kweli katika mtihani wa mwaka 1951 wanafunzi wake hawakuteleza katika swali hilo, hata Bwana Elimu alipokuja ukaguzi akamsifu mbele ya shule nzima. Kwa hiyo akashika msimamo wake, aliyelima alimpa pole na kazi kwa moyo wote, aliyetwanga alimpa, aliyevuta ndoo kutoka chini ya kisima alimpa, lakini mlinzi wa shule aliyekesha amesimama aliambulia habari za asubuhi, na mkewe, aliyepita mbele yake kila siku na mtungi, au mzigo wa kuni, au mtoto mgongoni, alimwambia karibu. Shemeji aliwahi kumwambia mama yetu kwamba haombi kanga wala viatu, anataka neno lile moja tu litoke kinywani mwa mume wake kama linavyotoka kwa waume wa wenzake, na mama akamjibu avumilie, mwanawe huyo hata kuzaliwa alichelewa.

Mwezi Julai 1952 alijenga nyumba hii ya tembe mnayoiona, majirani wakaja kumsaidia kwa desturi yetu, na shemeji akapika pombe ya mtama, na togwa kwa ajili ya jirani yetu Mzee Mrisho na ndugu zetu wengine Waislamu. Siku ya kupandisha boriti kuu, wanaume waliinua ule mti mpaka mabegani, na ilipobaki kidogo tu uingie kwenye panda za nguzo wakasimama, ndipo Mzee Mrisho, akiwa chini ya mti na jasho linamtiririka, akauliza kwa upole, "Mwalimu, hapa tuliposimama, tunafanya kazi au hatufanyi?" Kaka yangu aliutazama mti, akawatazama watu, na Mungu ni shahidi, akawajibu kwamba hawafanyi. Basi nao wakasema kama hakuna kazi hakuna haraka, wakaendelea kusimama na mti wao mabegani, magoti yanatetemeka na wengine wameanza kucheka, mpaka shemeji Elina alipotoka jikoni na kata mkononi, akapita mbele yao akisema, "Poleni na kazi, baba zangu," wakaitikia wote kwa pamoja na boriti ikapanda. Pombe ilinyweka vizuri siku ile, na kaka alicheka pamoja na wenzake, lakini shemeji hakucheka.

Kila mwaka mwezi wa Agosti aliwapandisha wanafunzi wa darasa la saba kwenye mlima wa mawe ulio nyuma ya shule, kila mmoja na jiwe lake lililokwisha kupimwa kwenye mizani, ili wakokotoe kazi waliyofanya na uwezo wao, naye akiwatangulia, ila Agosti 1957 kwa mara ya kwanza aliketi njiani akitweta, akawaambia, "Kazi ni ileile ya mwaka jana, uwezo ndio umepungua," nao wakaandika kwenye madaftari wakidhani ni sehemu ya somo. Mwezi Machi 1958 miguu ilianza kuvimba, tarehe 12 Mei akalazwa hospitali ya Singida mjini, na daktari akatueleza kwamba moyo wake umepanuka na umechoka, kwamba moyo ni pampu inayosukuma damu mchana na usiku, mtu awe anatembea au ameketi, na likishatajwa neno pampu mnajua tena, mgonjwa alisahau ugonjwa wake akaanza kumhoji daktari. Aliuliza kama mtu aliyesimama na mzigo bila kusogea, ndani ya mwili wake kuna kinachofanya kazi, na daktari akamjibu kwamba kipo, moyo unaongeza mwendo na misuli inajikaza na kulegea bila kukoma, ndiyo maana mtu huyo hutoka jasho na kuona njaa. Kaka aliweka kiganja kifuani akaanza kuhesabu mapigo ya moyo wake, mpaka muuguzi akaja kumtazama akidhani amezidiwa.

Alirudi nyumbani tarehe 3 Oktoba 1958, baada ya daktari kutuambia kwa huruma kwamba dawa zimefika mwisho wake, na kwa kuwa hakuweza tena kulala, maana akilazwa pumzi ilimkatika, shemeji Elina alipanda kitandani akaketi nyuma yake, mgongo wake ukutani, akamwegemeza kifuani, na hivyo ndivyo walivyoishi wiki hizo za mwisho, sisi wengine tukimpokea shemeji kwa muda mfupi tu akale au akaoge. Ilituuma sana kuwatazama, na wakati huohuo ilitupa moyo. Alasiri ya Jumapili tarehe 16 Novemba, watoto wakiwa wametoka kanisani na mimi nimeketi mlangoni, aliamka akauliza mkewe ameketi hivyo tangu saa ngapi, akajibiwa tangu asubuhi, na haya ninayosoma sasa ni shemeji mwenyewe aliyeagiza yasomwe. Kaka alisema, kwa sauti ndogo iliyokatika mara mbili, "Elina, miaka yote hii nilipima mtungi, sikumpima aliyeubeba." Akavuta pumzi, akasema, "Pole na kazi." Shemeji akamjibu kama tunavyojibu sote, "Nimeshapoa," na hakusogea mahali pake. Kaka yangu alifariki saa kumi na mbili ya jioni hiyohiyo, akiwa ameegemea palepale.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi wa hospitali ya Singida, waliomtunza kwa bidii na kuyavumilia maswali yake, inamshukuru Mzee Mrisho na majirani waliochimba kaburi tangu alfajiri, jambo ambalo hata zamani marehemu angelikubali kuwa ni kazi, inawashukuru walimu wenzake waliobeba vipindi vyake tangu Machi bila kunung'unika, na wanafunzi walioteka maji ya msiba huu kwa zamu, na kama kuna tuliyemsahau atuwie radhi, kichwa cha mfiwa hakishiki mengi. Limebaki jambo moja. Ninyi mtakaolibeba jeneza, njia ya kutoka hapa hadi makaburini mnaijua, ni tambarare mwanzo hadi mwisho, na kama angekufa mwaka jana ningelazimika kuwaeleza hesabu yake juu ya safari hiyo, lakini yeye mwenyewe aliirekebisha hesabu kabla hajaondoka, kwa hiyo kwa niaba yake nawaambia ninyi wabebaji, na nakuambia wewe shemeji Elina mbele ya watu wote hawa, ili lisikike nje ya chumba kile, poleni na kazi. Na wewe kaka, mzigo wako tumeupokea, pumzika kwa amani.