Kurasa Nne za Mwisho

Zima hiyo redio, Florian, uvute kigoda, na wewe Walburga kaa upande huu wa sikio linalosikia, maana leo nina pumzi na kesho sijui, na maneno niliyonayo si ya kumwachia padre peke yake. Padre nimekwisha kumwambia, naye amesema Mungu amenisamehe. Aliyebaki ni binadamu, na huyo hakuna wa kumsemea.

Nianze na mali, kwa sababu najua masikio hayatulii mpaka mali igawanywe. Mibuni ya Mbuji iliyo juu ya kijito ni ya Florian, na ile ya chini kuelekea barabarani ni ya Walburga, na asije mtu wa ukoo akasema mwanamke harithi mibuni, kwa kuwa aliyeipanda miche ile ni mama yake mzazi, mimi nikiwa nimekaa kivulini na kitabu. Shamba la ngoro mtalilima kwa zamu, na yale mashimo msiyaache yakafukiwa kwa uvivu wa kutaka matuta ya haraka, maana mlima wetu huu mvua ikiukuta uchi haubakizi udongo. Binamu yangu Baltazar tulinuniana miaka kumi na minane kwa ajili ya migomba mitatu ya mpakani. Mpeni migomba yake, na mwongezeeni wa nne ambao hakuudai, ili akose la kusema kwenye matanga yangu.

Sasa sanduku. Humo mna vitabu sitini na vitatu, na hakuna hata kimoja kilichoanza maisha yake kwa Kiswahili. Vyote vimefasiriwa, vimetoka kwa watu wa mbali, na vingi aliniletea marehemu mzee Zaidi, yule mwenye duka Mbinga mjini ambaye asili yake ilikuwa Kilwa. Kila alipofuata mali Dar es Salaam alirudi na kimoja au viwili amevifunga kwenye kanga, akinicheka kwamba Mmatengo anakula karatasi. Humo nimesoma kisa cha mpelelezi mlevi wa mji usiokauka mvua, na mashairi ya mtawa wa Ujapani aliyeandika juu ya theluji na kikohozi chake, na barua za wajane wa Brazili, na tamthilia ambamo wafalme wanatoboa siri zao mbele ya wapishi, hata kisa cha watu wanaosafiri kutoka nyota hadi nyota na wakifika bado wanagombania mahari. Nimeishi na watu wengi sana, wanangu, na hakuna aliyewahi kunipa mkono. Nilijua Wachina wanavyozika wazee wao kuliko nilivyojua kilichokuwa kinamliza mke wangu ndani ya nyumba moja.

Mficha uchi hazai, na mimi wangu nimeuficha zaidi ya miaka arobaini. Sikilizeni vizuri, na msinikatize.

Mwaka wa themanini na moja nilikuwa kijana mwenye mibuni mingi na mfuko mtupu. Mnajua ngokela, watu wakija kukusaidia kazi ya shamba huwa unawapikia pombe. Mimi ya kupika sikuwa nayo, nikatangaza kwamba atakayekuja kunichambulia kahawa nitamsomea. Walikuja, tena wengi, wakajipanga kwenye vichanja mchana kutwa, mikono inachagua punje mbovu na masikio yananielekea. Kiswahili cha vitabu kilikuwa kigumu kwao, kwa hiyo macho yangu yalisoma Kiswahili na mdomo wangu ukasema Kimatengo, na mle katikati, kati ya macho na mdomo, hakuna aliyeweza kunichungulia.

Miongoni mwao alikuwapo Tereza, mama yenu, ambaye wakati huo hakuwa mama wa mtu. Alikuwa mchumba wa Ignatio, rafiki yangu tuliyebatizwa naye siku moja, aliyekwenda vita ya Kagera mwaka wa sabini na nane na asirudi wala kuandika. Wenzake walirudi. Nyumbani kwao walikwisha kumsomea misa ya marehemu. Tereza alikataa kuvaa nyeusi, akasema mpaka apate ishara, akaanza novena, sala ya siku tisa. Nilijua kwamba anasali, na nilijua siku ya tisa ni ipi, kwa sababu nilikuwa nikimtazama kuliko nilivyotazama kitabu.

Kitabu chenyewe kilitoka nchi ya baridi. Ni habari za askari aliyepotea vitani, na mwanamke aliyebaki akifua nguo za watu na kumngoja, baridi baada ya baridi. Kwenye kurasa nne za mwisho askari anarudi. Amekuwa mlemavu, hatambuliki, anasimama mlangoni, na mwanamke anamjua kwa namna anavyokohoa. Ndivyo kilivyoandikwa. Mimi mchana ule wa siku ya tisa nilizitazama kurasa zile, nikamtazama Tereza na punje zake mkononi, nikasema kwa Kimatengo kwamba mwanamke alizeeka mlangoni, na aliyekuja kubisha hodi alikuwa mchimba kaburi.

Tereza aliniuliza, "Kaka Augustino, ndivyo kilivyoandikwa?" Nikamwambia ndivyo. Nanyi mjue kwamba kwa watu wetu wakati ule kitu kilichopigwa chapa kilikuwa ama cha Kanisa ama cha Serikali, na hakuna aliyefikiri kwamba karatasi inaweza kusema jambo na msomaji akasema lingine. Alimaliza ungo wake, akaenda nyumbani, akavaa nyeusi. Baada ya Pasaka nilipeleka washenga.

Florian ulikuwa unaanza kusimama dede Ignatio aliporudi. Alijeruhiwa, akalala hospitali za ugenini, akapoteza kumbukumbu na baadaye akaona aibu ya mguu wake uliolemaa. Alikuja hapa, akakaa kwenye benchi lile, mama yenu akampa ugali, akala, akashukuru, akasema Mungu ndiye mpangaji. Kisha akateremka ziwani, Kihagara, akajifunza uvuvi wa usipa kwa watu wasiomjua. Hakuoa.

Bado mama yenu hakujua. Wewe ndiye uliyemfundisha kusoma, Walburga, ukiwa darasa la nne, na mkaa wako ukutani. Usilie, hukukosa. Alipoweza, kitabu cha kwanza alichokiomba kilikuwa kile kile, akakisoma masika nzima kidole kikifuata mstari, nami sikuwa na ujasiri wa kukificha. Siku alipofika mwisho alikifunga, akakirudisha sandukuni, akateleka maharage. Akasema, "Kumbe yule mtu alirudi." Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama chumvi imebaki.

Basi. Hakunitukana, hakurudi kwao, alinipikia na kunifulia miaka ishirini na miwili mpaka tulipomzika. Ila hakuniomba tena nimsomee. Jioni nilikuwa nafungua kitabu, nasubiri, naye anapita na kuni. Wanangu, niliona upweke mkubwa sana. Nyinyi mlidhani baba yenu anapenda kukaa peke yake.

Tulipomaliza matanga yake niliteremka Kihagara, kitabu kwapani, nikitaka kumwambia Ignatio yote. Alinikumbatia. Akakaanga usipa, akasema, "Wewe ulikuwa msomaji wetu, Augusti, nisomee chochote." Nilikuwa na kingine kwenye mfuko, cha kuchekesha, kisa cha hakimu aliyeibiwa suruali, nikasoma hicho. Alicheka hadi akashika mbavu, nami nilikuwa na miaka sijasikia mtu akinichekea. Nikarudi nyumbani na siri yangu. Kila kiangazi nimekwenda, nimemsomea vitabu kumi na tisa, kile cha askari nimekipita kila mara. Kwanza nilimnyima mke, halafu nikamnyima na habari yake, ili nisipoteze mtu wa kunisikiliza. Ndivyo nilivyo, msinipambe kwenye wasifu.

Niinueni kidogo. Maji. Hayo yatosha.

Siku ya kuzika, msemaji wa ukoo atauliza kama ilivyo desturi, kama yuko anayemdai marehemu ajitokeze. Watu watatazama chini. Ignatio atakuwapo, atakaa nyuma kwa ajili ya mguu, na hatafungua kinywa, kwa sababu hajui kwamba ananidai. Florian, usimwache msemaji apite. Simama useme yuko. Na wewe Walburga uzisome kurasa nne, kwa Kimatengo, mbele yake na mbele ya watu, kisha useme nilivyosema mimi mwaka ule. Dawa ya deni kulipa, na hili lina malipo hayo tu. Akiondoka kabla ya udongo, mwacheni aende, msimshike mkono. Akibaki, sanduku lote ni lake, na mmoja wenu awe akishuka kumsomea. Kama ilivyoandikwa. Msipunguze, msiongeze.

Mungu awape nyumba zenye mazungumzo. Watoto wenu wawaulize maswali nanyi muwajibu kweli. Mvua iwakute mmeshapanda. Nawabariki kwa mkono huu, na kwa jina la mama yenu, kama anakubali.

Bado jambo moja. Nina pumzi ya... Kitabu kiko chini ya mto. Kichukue, Walburga. Nimezisoma hizo kurasa mara nyingi, kwa macho. Kwa sauti ya mtu sijawahi kuzisikia. Anza pale anapofika mlangoni. Polepole, mwanangu. Usiruke.