Kijerumani cha Gati

Kijiwe chetu ni benchi moja bovu hapa Sirari, pembeni ya birika la kahawa la Mama Irine. Kazi yetu ni kuvusha mizigo ya watu kwenda Isebania, upande wa Kenya. Mpakani pakidorora tunavusha maneno. Leo wote tulikuwa na sura za msibani kwa sababu ya Gati, dada yake Werema. Gati ni nesi, ana cheti, na alijitolea zahanati bila mshahara mpaka akachoka kusubiri ajira. Mwaka jana ng'ombe za mahari ya dada yao mkubwa, ambazo Werema ndiye angeoa nazo, ziliuzwa ili Gati akasome Kijerumani Nairobi, halafu aende kuuguza wazee Ujerumani. Tukamuaga kwa mbuzi na nyuzi za litungu, tena kabla hajajua hata kusalimia kwa hicho Kijerumani.

— Kafeli tena, Werema akasema. Kuandika kapita, kuongea kagonga mwamba.

— Wanafanya makusudi, akasema Osward, tunayemwita Profesa maana husoma hadi gazeti lililofungia maandazi. Wakiona watu wengi, wanarefusha maneno. Neno moja la Kijerumani linaanzia hapa, linaishia Kerende!

— Acha uongo, we! tukamkemea.

— Shida ni koo, akadakia Simoni, dereva wa lori. Mkurya ana koo la kuita ng'ombe mlima wa pili. Angewafokea tu, wangempa alama zote.

— Mtu anaenda kuuguza wazee, awafokee? nikamuuliza.

— Kwani Wajerumani si walitutawala? Profesa hakomi. Kijerumani kimo kwenye damu yetu. Sindano moja tu kingeamka!

Werema alikuwa anazungusha kikombe mkononi, kahawa imeshapoa.

— Mura wenzangu, yameisha hayo, akasema. Kuna mzee wa Susuni kafiwa na mke. Analeta ng'ombe Jumamosi. Wazee wameshakubali. Gati anaolewa, na mimi nioe.

— Hapo sawa! akasema Simoni. Ng'ombe zinarudi zizini.

— Na unesi wake? nikauliza.

— Si atamtibu mumewe!

Nilimchukia Simoni kwelikweli, lakini kahawa niliyokuwa nakunywa alilipia yeye, nikaimalizia.

Honoratha, nesi wa serikali aliyehamishiwa kwetu kutoka Kagera, alikuwa amesimama hapo anasubiri kikombe chake. Yeye na Gati walizalisha pamoja akina mama wengi zahanati.

— Samahani, kaka zangu, akasema. Gati mwenyewe amesemaje?

Profesa akamwangalia Simoni. Simoni akaangalia lori lake.

— Tangu atume meseji ya matokeo hapokei simu, Werema akajibu taratibu.

— Pole. Sasa huko Nairobi anakaa wapi, nimfuate?

Werema akatugeukia sisi, kama vile mmoja wetu angemsaidia. Mama Irine akainamisha birika, yakatoka machicha matupu.

Mbuzi tuliyemla siku ya kumuaga Gati tunamkumbuka hadi rangi. Anakolala Gati, hakuna kati yetu aliyewahi kuuliza.