Anayekimbia Alfajiri Masieda

Jumatano, tarehe 14 Mei 2003, nilipanda Landrova kutoka Masieda kwenda Mbulu mjini. Mbele yangu mwanamke kijana aliyempakata mtoto alimwamkia bibi aliyeketi karibu naye. "Shikamoo, bibi." "Marahaba. Kumbe ni wewe unayepita kwangu mbio kila alfajiri! Unakimbizwa na nani?" "Na mashindano ya mkoa, bibi. Ni Jumamosi. Naitwa Justina."

Bibi hakucheka. "Mwanangu Onesphory amelazwa hospitali. Kwetu mtu mzima akikimbia alfajiri, analeta habari ya kifo. Kila siku unaniulia mwanangu, kisha unapita zako. Pita bondeni." "Bondeni kuna fisi, bibi." "Basi kimbia jioni." "Jioni nakamua ng'ombe, nachota maji, na huyu anataka kunyonya. Alfajiri ndiyo saa yangu pekee." "Ukifika kwangu, tembea." "Nikitembea, mwili unapoa. Nilianza kukimbia kabla sijaolewa, bibi. Nikiacha sasa, sitarudi tena."



Gari liliposimama mbele ya hospitali, bibi alishuka. "Kesho nifanyeje, bibi?" Justina aliuliza. "Niache kwanza nikamwone," bibi alijibu, akaingia getini bila kugeuka.

Ndugu msomaji, kama una jamaa anayeishi kando ya barabara ya Masieda, tafadhali mfikishie habari hii: vishindo vya alfajiri ni vya Justina, yuko mazoezini. Hakuna aliyefariki.