Boksi Limerudi Sarang'ombe

Benchi la mtaani Sarang'ombe ni ubao mmoja juu ya ringi mbili kuukuu, na wanaoukalia wanajua kila kitu duniani isipokuwa kwenda kazini. Siku hiyo, saa tano na nusu, walikuwa watatu na thermos ya kahawa ya tangawizi. Mwanzia, fundi wa magari, huitwa Daktari kwa sababu gari likifika kwake hulazwa. Vincent huitwa Injinia kwa sababu aliwahi kumbebea injinia mmoja ngazi. Kabiru, mwenye kibanda cha spea hapo kando, huitwa Waranti, na sababu mtaijua wenyewe. Daktari hakuwa na raha. Alikuwa ametoka kuweka pedi mpya za breki kwenye gari la chekechea, lile linaloteremka Silanga na watoto kumi na wanne, akampigia dereva simu kwamba kazi imeisha. Ndipo akakunja boksi la pedi hizo ili aliuze, kama anavyouza maboksi yote matupu kwa jamaa mmoja anayepita na gunia akiyanunua, akaona maandishi ya biro pembeni: "Mutinda, mbele." Mwandiko wake mwenyewe. Februari alimwekea mteja wake Mutinda pedi orijino za mbele, akaandika jina ili vitu visichanganyike, kisha boksi akaliuza. Sasa lilikuwa limerudi kutoka kwa Waranti, nailoni mpya juu, na ndani pedi zilizotoka Mungu anajua wapi. Alilisukumiza ndani ya ovaroli akaja kuketi.

— Waranti, hizi pedi ulinipea asubuhi ni orijino?

— Daktari! Si uliona boksi?

— Niliona.

— Na boksi ni orijino ama si orijino?

— Boksi ni orijino, Daktari alikiri. Hilo angeweza kuliapia mahakamani.

Injinia alipuliza kahawa yake kama mtu anayesubiriwa na taifa.

— Boksi si kitu. Orijino unanusa. Feki inanuka mpira, orijino inanuka kiwanda.

— Kwani umewahi fika kiwanda gani? Waranti akauliza.

— Ile ya mkate, Industrial Area. Harufu ya kiwanda ni moja tu.

— Wewe nusa, Waranti akasema. Mimi naskiza. Unagonga pedi na meno. Ikilia ting, hiyo ni ya Japani.

— Na ikivunja jino? Injinia akauliza.

— Hapo sasa ongeza bei.

Walicheka. Daktari naye alionyesha meno, kwa adabu. Alitaka kusema. Lakini akilitoa boksi, swali la kwanza litakuwa nani aliliuza, na jibu limeandikwa juu yake kwa biro. Aliona haya, na aliogopa, na woga ulikuwa mkubwa kuliko haya.

— Lakini mteremko wa Silanga, alijaribu. Ukiwa na watoto ndani?

— Watoto ni wepesi, Injinia alimtuliza. Hao kumi na wanne ni kama watu wazima wanne. Breki haitajua hata kuna mtu. Na hizo orijino zenyewe si nzuri. Gari ya mtaa haijazoea. Unaiwekea breki kali, inashtuka, inapata presha.

— Gari inapata presha?

— Daktari ni wewe ama ni mimi?

Waranti aliinua kidole. Alikuwa amengoja zamu yake kwa hamu.

— Tena orijino inaharibu dereva. Akishajua breki inashika, anaacha kuomba. Lakini mwekee hii yangu. Kutoka kule juu Olympic mpaka Silanga huyo ni mtu wa maombi. Hiyo gari inalindwa na nani? Na Mungu mwenyewe. Niambie spea gani inafikia hapo.

Injinia alivua kofia kwa heshima ya hoja hiyo.

Wakati huo alifika Magdaline, dereva wa gari la chekechea, akitembea haraka, miwani kichwani.

— Niaje wasee. Daktari, umesema imeisha? Watoto wako kwa geti na mvua inakuja.

— Imeisha! Waranti alimjibia. Pedi orijino, waranti miezi sita.

— Poa. Nani anapanda tuteremke nayo Silanga, niijaribu kwanza?

Injinia alichungulia kikombe ambacho hakikuwa na kitu. Waranti alikumbuka kuna mteja anamngoja kibandani, ingawa kufuli ya kibanda ilionekana hadi benchini.

— Mimi goti linanisumbua, Injinia akasema.

— Si utakuwa umekaa tu kwa kiti?

— Kukaa ndio haipendi.

— Na wewe Waranti?

— Mteja, mathe. Mteja ni mfalme.

Magdaline aliwatazama mmoja mmoja. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

— Kwani mko watu wazima watatu mnaogopa kupanda, na mnataka mimi nipakie watoto kumi na wanne?

Injinia alijimiminia kahawa, thermos ikatoa matone mawili. Daktari aliinuka, akachukua jeki, akaanza kuliinua tena gari la chekechea lililokuwa hapo kando.

— Sasa unafanya nini? Magdaline akauliza. Na watoto?

— Leo watembee, Daktari akasema, na hakumtazama.