Kikohozi cha Ubeti wa Tatu

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi makochi ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina moja tu: Nakala. Siku za kazi alipiga misumari kwenye makochi. Jumamosi jioni aliimba ukumbini na bendi yake nyimbo za mwimbaji mmoja wa zamani, aliyekufa kitambo. Hakuziimba kwa namna yake. Aliziimba vilevile zilivyo kwenye santuri.

Vilevile, wasikilizaji. Shati jeupe la kola ndefu, vilevile. Mguu mmoja mbele, vilevile. Katika wimbo mmoja yule wa zamani alikohoa kabla ya ubeti wa tatu, na kikohozi kikabaki kwenye santuri. Basi Nakala naye alikohoa. Kila onyesho, ubeti wa tatu, kohoo! Ukumbi mzima vifijo.

Binti yake hakupiga makofi. Ni fundi cherehani, ndiye aliyeshona mashati ya bendi. Naye aliimba. Nyimbo zilezile alizipunguza mwendo, akaziimba kama mtu anayezungumza na jirani mlangoni. Baba alimsikia mara moja mazoezini, akamtoa bendini.

"Watu wanalipa kiingilio wamsikie yeye," alimwambia. "Wewe nani kakuuliza unajisikiaje?"

"Yeye alishazikwa, baba. Wewe bado unapumua. Imba basi kwa sauti yako."

"Toka hapa. Na hizo kola zimepinda."

Tangu hapo hawakusalimiana. Mashati alikuwa anayapeleka mama.

Jumamosi moja binti alikwenda kumchukua mama yake ukumbini, akasimama nyuma. Baba alikohoa, watu wakashangilia. Lakini hicho hakikuwa kikohozi cha santuri. Kilitoka chini kabisa kifuani na hakikutaka kwisha. Onyesho lililofuata binti alikuwepo tena, na kikohozi kilikuja kwenye ubeti wa kwanza. Mpiga ngoma, mdogo wake Nakala, akamgombeza palepale jukwaani: "Umewahi, kaka! Bado!" Watu wakavunjika mbavu. Nakala alicheka nao, akajifuta mdomo kwa leso, akaifumbata haraka.

Binti alimfuata mpiga ngoma nje. "Baba mdogo, yule anaumwa. Mpelekeni hospitali."

"Wivu utakumaliza, mwanangu. Mzee yuko juu, wewe unataka ashuke ili upande wewe."

Akamwendea baba mwenyewe. "Baba, kikohozi hicho ni chako."

Mama anatusimulia kwamba mumewe alimkazia binti macho, akamwambia, "Kumbe hata kukohoa nimekosea?" Akambamizia mlango.

Alipokubali kwenda hospitali, daktari alisema amechelewa mno. Tunarudia, wasikilizaji, maana hili lisiwapite. Nakala aliumwa mbele ya macho ya watu. Watu wakampigia makofi.

Mazishini bendi ilipiga nyimbo zake, vilevile. Binti hakuombwa kuimba. Hakuimba.

Wiki iliyopita baba mdogo alifika kwenye cherehani ya binti na shati la marehemu. "Lipunguze mabega. Tumepata mwimbaji. Anamwiga kaka mpaka machozi yanakutoka."

Binti alilikunja shati, akamrudishia. "Hili siligusi. Mwambie aje mwenyewe nimpime, nimshonee lake."

"Lake la nini? Nani anamjua?"

"Wala hamtamjua, mkimvika la baba."

Baba mdogo alilikwapua shati, akaondoka bila kuaga. Mpaka leo hawasemeshani.

Mama, pole sana kwa kufiwa na mume. Binti, pole sana. Na wewe mpiga ngoma, kama redio yako iko wazi, pole, ndugu yako ametangulia. Tunajua hamtaki kutajwa pamoja, lakini msiba ni mmoja.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, tumesikia fundi mwingine ameshapunguza yale mabega, na Jumamosi hii bendi inapanda jukwaani. Mtakaokwenda, kabla hamjashangilia, mtazameni usoni yule anayeimba.