Picha za Vyumba Vyetu na Jina la Fundi Msasa

Mgeni rasmi, Mstahiki Meya wa mji wetu; viongozi wa mtaa; wenye nyumba mliokuja wenyewe, na ninyi mliotumwa na wenye nyumba mje kusikiliza halafu mkawasimulie; wapangaji; majirani mliotuazima viti; mabibi na mabwana, hamjambo?

MAKARIBISHO

Sisi mafundi rangi hatujazoea kutazamwa usoni. Kazi yetu tunaifanya tukiwa tumewapa watu mgongo. Kwa hiyo, Mgeni rasmi, ukiona katibu anasoma huku ameugeukia ukuta, usidhani ni dharau. Karibu sana katika ofisi yetu hii unayoifungua leo. Ukuta wa kulia tafadhali usiuegemee, tumeurudia jana na bado unashika nguo. Tuliambiwa utakuja wiki ijayo.

Tuseme mapema kwamba leo tunapumua. Yaliyotupata yametupata, lakini yamekwisha, au karibu yote yamekwisha. Hilo lililobaki tutalifikia.

HISTORIA YA KIKUNDI

Tulianza na ngazi moja tuliyokuwa tukiazimana, na kila aliyeichukua aliirudisha ikiwa imepungua kipande. Jina letu, Mkono wa Pili, tulilitoa kazini. Mkono wa kwanza wa rangi unafunika tu, mkono wa pili ndio unaolipwa.

Mwenyekiti wetu ni mama ambaye mtaa mzima unamwita Fundi Msasa. Jina hilo alilipata kwa sababu hakubali ukuta upakwe kabla haujasuguliwa hadi kiganja kiteleze. Wengine wanasema ni kwa sababu ya ulimi wake, na sisi hatubishi. Ndiye aliyetufundisha utaratibu wetu: ukimaliza chumba, fagia, futa madirisha, fungua mlango mwanga uingie, ondoa makopo na ngazi, ndipo upige picha na kuiweka kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni. "Kazi haijisifu yenyewe," alituambia, "na ninyi midomo yenu mizito. Acheni picha ziseme."

Picha zikasema kweli. Kazi zikaja, na wenye nyumba wakaanza kutuachia funguo. Mgeni rasmi, kwa fundi rangi ufunguo ni kitu kikubwa. Mtu anakukabidhi nyumba tupu, anaenda zake kazini, jioni anakuta kazi imeenda na bomba lake bado lipo ukutani. Fundi Msasa alikuwa na funguo za nusu ya mtaa huu, amezifunga kwenye kamba ya viatu shingoni.

HALI YA NYUMBA KATIKA MJI WETU

Hapa tunaomba kusema tunayoyaona, maana hakuna anayeingia vyumba vitupu vingi kama sisi.

Zamani mpangaji akihama, chumba kilikaa. Rangi ilikauka, harufu ikatoka, mwenye nyumba akaanza kulalamika kwamba wapangaji wamekwenda wapi. Tangu chuo na kiwanda vifunguliwe hapa mjini, tunapaka huku mtu amesimama mlangoni na godoro lake kichwani. Kodi imepanda hadi mwenye nyumba mwenyewe akiitaja anaangalia pembeni. Sebule zinagawanywa kwa mbao, watu wawili wanapanga dirisha moja. Na siku hizi tunaagizwa rangi "itakayotoka vizuri kwenye simu," hata kama ukuta una unyevu unaochuruzika. Tukisema utibiwe kwanza, tunaambiwa, "Fundi, wewe paka, mpangaji ataona mbele ya safari."

Mambo yakiwa hivyo, watu wamejikuta wanalipia vyumba wasivyowahi kuviona. Si wajinga, tunaomba ieleweke. Wameshakosa vyumba vingi kwa kuchelewa, wamechoka. Na matapeli wanajua hasa mtu aliyechoka anafananaje.

CHANGAMOTO ILIYOTUFIKA

Kwenye risala mafanikio hutangulia. Sisi tumebadilisha, kwa sababu mafanikio yetu yalitoka humuhumu kwenye balaa.

Fundi Msasa alikuwa amerudi kurekebisha fremu ya mlango katika chumba cha mzee mmoja, dereva mstaafu, ambacho picha zake alikuwa ameshaziweka mtandaoni. Nje ikasimama gari ya mizigo. Juu yake kitanda, cherehani, masufuria, na watoto wawili wamekalia meza iliyopinduliwa. Akashuka mama yao, mshonaji, anatabasamu.

"Shikamoo fundi. Usijali rangi, sisi tutaingiza vitu taratibu."

"Marahaba mwanangu. Vitu gani?"

"Si vya kuhamia? Mimi ndiye mpangaji."

"Mpangaji wa hapa ni mwalimu, na anakuja mwisho wa mwezi."

Tabasamu likabaki usoni lakini macho yakaondoka. Akatoa simu, akamwonyesha. Chumba ni kile, kijani cha maji, dari nyeupe, mwanga umeingia kama tulivyofundishwa. Kodi imewekwa chini kidogo ya bei ya mtaa. Chini yake maneno matamu: dada, wanaokitaka ni wengi, tuma kodi nikushikilie, ufunguo utaukuta kwa fundi. Alikuwa ametuma yote. Namba ile haikupatikana tena.

Fundi Msasa akaitazama picha ile, na hapo akafanya kosa ambalo mtu mwongo asingelifanya. Watu wameshajaa, mwenye gari anataka kushusha aondoke, watoto wanalia, naye akasema kwa sauti, "Picha hii ni yangu. Nimeipiga kwa mkono wangu."

Lo! Ikawa ndiyo hukumu. Ufunguo anao yeye, picha kapiga yeye, tangazo linamtaja fundi, sasa mnataka ushahidi gani tena? Yule mzee mwenye nyumba alivuta ile kamba shingoni mwa Fundi Msasa mbele ya watu, akachomoa ufunguo wake. Mmoja akapaza sauti, "Kumbe ndiyo maana anafagia kabla ya kupiga picha!" Watu wakacheka. Alituambia baadaye kwamba matusi aliyavumilia, ila kicheko kile kilimwingia, kwa kuwa kufagia ndiko alikokuwa akijivunia.

Kufikia jioni kamba ya viatu ilibaki kamba ya viatu. Sisi wengine nasi tukaponea chupuchupu kukosa kazi kabisa. Tuliopata tulipaka huku mwenye nyumba kakaa kwenye kigoda anatutazama, anasinzia, anashtuka, anahesabu swichi zake. Na mama mzazi wa Fundi Msasa akaacha kwenda dukani. Alisema miguu inamsumbua. Miguu ile ilikuwa mizima. Ni kwamba akiingia pale, waliokuwa wanaongea walikuwa wananyamaza.

TULIVYOJINASUA

Siku ileile, mshonaji alipokuwa amekaa juu ya mizigo yake hajui aelekee wapi, Fundi Msasa alimwambia mwenye gari ya mizigo, "Washa gari, nifuate." Akampeleka nyumbani kwake, akampa chumba chake mwenyewe, yeye akaenda kulala na mama yake. Mtaa ukasema anamlisha ili asiseme. Lakini mshonaji ana akili zake. Alikaa pale, akatazama, akamwambia bibi, mama yake Fundi Msasa, "Mama, mtu aliyeniibia asingenitandikia shuka zake. Huyu mwanao ameibiwa kama mimi, ila yeye kaibiwa picha." Maneno hayo ndiyo yaliyomrudisha Fundi Msasa kwenye kikao chetu. Alikuwa ameshaandika barua ya kujiuzulu. Tuliichana.

Ndipo tukapata wazo. Ofisi hii tuliyomo tulikuwa tunaipaka wakati huo. Tukafagia, tukafuta dirisha, tukafungua mlango, tukapiga picha, tukaweka mtandaoni: kazi imekamilika. Kisha tukakaa kama mtu aliyetega panya.

Picha zile hazikukaa sana, zikaibiwa. Mshonaji ndiye aliyeliona tangazo. Chumba kizuri, choo ndani, maji saa zote, kwa familia yenye heshima. Mgeni rasmi, choo ndani! Sisi choo tunaomba kwa jirani, na leo ukihitaji utaelekezwa hukohuko.

Tukaenda kituo cha polisi, tukapewa askari wawili waliovaa nguo za nyumbani. Nani apige simu? Sauti ya mshonaji tapeli aliijua. Ya Fundi Msasa ingemtukana kabla ya salamu. Bibi, yaani mama yake, akasema, "Leteni hiyo simu." Akaketi hapahapa, juu ya kopo la rangi lililopinduliwa, sauti ikafunguliwa tukasikia wote.

"Mwanangu, hicho chumba bado kipo?"

"Kipo mama. Tena una bahati, niko humo ndani sasa hivi, nafunga mapazia."

Tuligeuka wote kuangalia dirisha. Askari mmoja alitoka nje kwenda kucheka. Bibi hata ukope haukumcheza.

"Ahsante baba. Ila mimi mambo ya kutuma kwa simu siyawezi, macho hayaoni namba. Nikupe mkononi."

Tukadhani atakataa. Kisha tamaa ikamshinda. "Basi mama, nitamtuma mdogo wangu aje achukue kodi pale kwenye duka la dawa."

Akaja kijana nadhifu, shati limenyooshwa, na simu mbili. Akaamkia kwa adabu zote. Bibi akamtazama juu hadi chini, akamuuliza, "Mbona sauti ni ileile? Hebu niambie, hayo mapazia umeyafunga ya rangi gani?" Kabla hajajibu, askari walikuwa wameshamshika, mmoja huku na mmoja huku. Alikiri kituoni. Picha alikuwa akizichota kwenye ukurasa wetu, hamjui fundi yeyote, na lile neno la ufunguo alilibuni ili tangazo lionekane la kweli.

Fundi Msasa alipoambiwa kituoni, alitoka akakaa chini barabarani nje ya kituo na nguo zake za kazi, akalia hadi tukamzunguka kumstiri. Tulilia naye. Ilikuwa raha, jamani, raha isiyo na mfano.

MAFANIKIO

Mshonaji alirudishiwa sehemu ya fedha zake, na amepata chumba. Safari hii alikwenda mwenyewe mchana, akamwona mwenye nyumba ana kwa ana, akagonga kwa jirani kuuliza nyumba ni ya nani, akafungua bomba, akavuta maji ya choo, ndipo akatoa pesa, na risiti akapewa. Tunamsifu mbele yako kwa sababu hayo ndiyo tunayomwambia kila anayetupigia. Chumba ambacho huruhusiwi kukiona usikilipie. Mtu anayekuharakisha ana sababu yake, na bei ikiwa chini kuliko ya majirani wote, waulize hao majirani. Fedha ya kushikilia chumba haitoki kabla miguu yako haijakanyaga ndani.

Nasi tumebadilisha utaratibu. Picha yetu sasa haiwi ya chumba kitupu. Fundi anasimama katikati na brashi yake, jasho lake na tumbo lake, na jina la kikundi likiwa juu ya picha. Si nzuri kama zile za zamani. Lakini hakuna tapeli anayeweza kupangisha chumba chenye fundi wetu mwenye kitambi ndani yake. Na mtu akituletea tangazo analolitilia shaka, fundi aliye karibu anapita kuangalia, bila malipo.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tunaomba halmashauri iweke dawati moja tu, hata kama ni la mbao chakavu, ambapo mpangaji anaweza kuuliza nyumba fulani ni ya nani kabla hajalipa. Tunaomba pia choo, kama ulivyokwisha kuelewa. Rangi tutapaka wenyewe.

Ombi la mwisho halikuwemo katika rasimu aliyoipitisha Mwenyekiti wetu. Tumeliongeza leo asubuhi bila yeye kujua, na ukitazama kushoto kwako utamwona anatukata jicho. Mwache akate.

Fundi Msasa alituhumiwa barabarani, mbele ya watu wote. Alisafishwa mezani kituoni, mbele ya askari mmoja aliyemwambia, "Haya mama, huna kosa, nenda." Akaenda. Mtaa haukusikia. Wenye nyumba wengine wamerudisha funguo kimyakimya, wengine bado wanasema aliwahonga polisi. Sisi tumesema mpaka tumechoka, lakini sisi ni wenzake, nani atatuamini? Mama yake aliyemnasa tapeli kwa mdomo wake mwenyewe bado anamtuma jirani dukani.

Hatukuombi fedha kwa jambo hili. Tunakuomba sentensi moja. Sema, wewe Meya, hapa hadharani, kwamba mwanamke huyu hakuiba wala hakushirikiana na mwizi. Umtaje Fundi Msasa ili pasiwe na wa kuuliza ni nani. Tunakuomba useme kwa sauti, maana mama yake ni yule wa mstari wa mbele mwenye kitambaa cheupe, na masikio yake si ya ujanani. Amevaa nguo zake nzuri akidhani amekuja kuona utepe ukikatwa.

Mungu akupe maisha marefu, nyumba yako ijae amani, na kila anayelala chini ya paa la mji huu alale bila hofu. Kipaza sauti hiki hapa, Mstahiki Meya. Tunakaa chini, tunakusikiliza.

Ni sisi,
Kikundi cha Mafundi Rangi Mkono wa Pili