Lenox Odhiambo na Koti la Mwizi Muungwana

Wazee wetu, wa kanisani na wa msikitini, na nyote mliofika, marehemu Lenox Odhiambo alizaliwa Mikindani tarehe 14 Machi 1998, mtoto wa kwanza wa Mzee Gedion, mfanyakazi wa bandarini, na Mama Josephine, akamtangulia dada yake Roseline, ambaye familia imempa kazi ya kusoma haya.

Alisoma msingi papo hapo Mikindani, akamaliza sekondari Changamwe mwaka 2016, hesabu zikimshinda, lakini kumwiga mwalimu mkuu hakuna aliyemfikia.

Mwaka 2018 aliajiriwa kupakia mizigo ghalani Changamwe, na jioni akajiunga na kikundi cha maigizo cha Ziwa la Ng'ombe, akapewa nafasi ya mwizi muungwana, yule wa hadithi tunayempenda sote, mwenye tai na marashi, anayembusu bibi mkono huku akimvua bangili, na bibi akabaki anatabasamu. Koti la mchezo alilinunua mitumbani Kongowea, na ndilo alilovaa tarehe 6 Agosti 2022 alipofunga ndoa na Lynnette, wakajaliwa binti, Rosalia, Novemba 2023.

Lenox mwenyewe hakumpenda mwizi wake. Alimwambia Lynnette kwamba watu humpigia makofi kwa kuwa hawajaibiwa wao, na kwamba "mwizi mwenye tai hupewa kiti, mwenye njaa hupewa tairi."

Ugonjwa, ndugu zangu, hakuugua. Mwezi Aprili 2025 mtu alikata kipande cha video ya mchezo, pale Lenox anapomvua bangili Wardah wa Kisauni, mwigizaji mwenzake, akakisambaza kwenye simu bila jukwaa wala vicheko, akiandika kwamba huyu ndiye anayewaibia kina mama Kongowea, na watu wazima wenye akili zao wakakipeleka mbele.

Tarehe 9 Mei, yeye na Wardah wakienda kuigiza katika shule moja, Lenox akiwa na koti lake, walipitia sokoni Kongowea kumnunulia mtoto ndizi. Watu wa sokoni wakamjua kwa koti. Alijieleza kwa upole, na upole wenyewe ukawa ushahidi, maana yule wa kwenye simu pia alikuwa mpole. Wardah alijitupa katikati akisema, "Wallahi bibi wa bangili ni mimi, na bangili yenyewe hii hapa mkononi," wakamwambia na yeye ni mwenziwe, wakaendelea kumpiga Lenox. Lenox alifariki hospitalini kesho yake alfajiri.

Baba mdogo Jacktone alimsihi Roseline: "Andika ajali, binti yangu, hawa wa sokoni tunanunua mboga kwao." Roseline alimheshimu, akamtilia chai, lakini hakuandika, kwani ajali haina mikono. Wala asijifariji mtu hapa kwamba kosa lilikuwa kumpata asiyehusika, eti angekuwa mwizi kweli ingefaa, kwa sababu hata huyo ana mama wa kumlilia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Mikindani, wenzake wa ghalani na wa kikundi, na Mwarandu, mbeba mizigo aliyemlaza kwenye mkokoteni wake akamkimbiza hospitali huku akirushiwa mawe. Waliosimama wakipiga picha hatuna la kuwashukuria.

Mlio na kile kipande, kifuteni sasa, kabla jeneza halijashuka, Rosalia akikua asije akamkuta babake humo. Toeni simu, hakuna haraka, tutangoja, kisha ndipo tutamwambia Lenox apumzike kwa amani.